Nani Huulizwa Uwanja Unapochorwa?



Katika mazungumzo yetu hapa Doha, iwe ni Ijumaa baada ya sala au usiku tunapotandika mikeka kandokando ya Kornishi, kuna jambo moja ambalo halikosi kuzuka: watoto wetu na ile mbao yao ya magurudumu, yaani skeitibodi. Wazee wengine wanauona ni mchezo wa wahuni. Akina mama wanaogopa mifupa kuvunjika. Walinzi nao huwafukuza pale wanapoteleza juu ya ngazi na marumaru. Vijana wenyewe wana jibu fupi tu: tujengewe uwanja. Sisi tunaona kuna swali linalotangulia ombi hilo. Uwanja huo ukijengwa, ni nani atakayeulizwa uweje? Swali hili lina historia, kwetu Afrika Mashariki na kwa wenzetu wa mbali, na tungependa tuipitie pamoja kabla ya kutoa ushauri wowote.

Tuanze nyumbani. Kila aliyekulia Dar es Salaam anaijua Mnazi Mmoja. Lakini uwanja ule haukuachwa wazi ili watu wapate pa kuchezea. Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi mwaka 1891, aina ya nyumba ikawa ndiyo inayoamua nani akae mtaa gani. Waingereza waliokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendeleza mgawanyo huo, na ukanda wa wazi ukabaki kati ya Uhindini na Kariakoo. Sababu iliyotajwa ilikuwa ni afya. Sababu iliyoonekana kwa macho ilikuwa ni kuwatenganisha watu. Wakazi wa Kariakoo hawakuulizwa neno, lakini wao ndio walioupa uwanja ule maana yake kwa kucheza, kupumzika na kukutanika humo. Mikutano ya kudai uhuru ilifanyika hapo, na leo hapo ndipo uliposimama mnara wa Mwenge wa Uhuru. Mchoraji alikusudia ukuta usioonekana, watumiaji wakaugeuza kuwa sebule ya mji.

Zanzibar nayo ina somo lake. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki walisaidia kuandaa mpango wa mji wa mwaka 1968, na katikati ya Ng'ambo yakainuka yale majumba marefu ya Michenzani. Nia ya kuwapa wanyonge makazi bora hatuibezi. Lakini mzee aliyezoea kukaa barazani kwake, akamsalimu kila apitaye na kumkemea kila mtoto mtukutu, alijikuta ghorofani akiwatazama watu kwa juu. Baraza haikuwamo katika mchoro. Ilipofika miaka ya 2010, ndipo mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo ulipoanza kuwashirikisha wakazi wenyewe katika kuonyesha ni mahali gani wanapathamini na kwa nini. Jina lenyewe latosha kuwa funzo: si Ng'ambo waitakayo wao, bali tuitakayo sisi.

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Ulianza California, pale wapanda mawimbi walipotafuta namna ya kuteleza nchi kavu siku ambazo bahari imetulia. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa magumu na yenye kuteleza vibaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaja magurudumu ya plastiki ya polyurethane, yenye kushika ardhi, na mchezo ukaenea duniani. Ulipoingizwa katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, dhahabu ya wasichana wa mtaani ilikwenda kwa Momiji Nishiya wa Japani, binti wa miaka 13. Wenye kusema ni mchezo wa wahuni na wamtazame binti huyo.

Afrika Mashariki hatukungoja Olimpiki. Mwaka 2006, katika mtaa wa Kitintale, Kampala, vijana wa Uganda akina Jackson Mubiru, pamoja na mwenzao mgeni Shael Swart, walijenga uwanja wa skeitibodi kwa mikono yao. Ndio unaotajwa kuwa wa kwanza katika Afrika Mashariki. Hapakuwa na zabuni wala mshauri elekezi. Mbao zenyewe hazikupatikana madukani, zilitoka nje kama misaada, na watoto walipokezana ubao mmoja. Mtu mwenye jicho la kihandisi anaweza kuona mikunjo isiyolingana na saruji iliyopasuka. Lakini uwanja ule ulitumika, na ulitumika kwa sababu kila tuta liliwekwa na mtu aliyejua atalipanda kesho yake. Aliyechora, aliyejenga na aliyecheza walikuwa ni walewale. Hiyo ni bahati ambayo miji mikubwa haina, na ndiyo maana miji hiyo huhitaji kuuliza.

Isipouliza, huja gharama. Philadelphia, Marekani, ilikamilisha mwaka 1965 uwanja wa mapumziko katikati ya mji, unaojulikana kama LOVE Park. Kingo zake za mawe na ngazi zake, bila ya mtu kukusudia, zikawa maarufu duniani kote kwa wachezaji wa skeitibodi. Mwaka 2002 halmashauri ya mji iliufanyia ukarabati ili kuwazuia. Ndipo Edmund Bacon, mpangaji wa mji aliyekuwa na wazo la uwanja ule tangu ujana wake, akiwa na umri wa miaka 92, akavaa kofia ngumu, akashikwa mikono, akapanda ubao na kuteleza hadharani kupinga marufuku hiyo. Mzee yule alikuwa na haki ya kusema kuwa mchoro wake umeharibiwa na vijana. Alichagua kusema kuwa umekamilishwa nao. Marufuku haikuondoka, lakini wachezaji walijiunga, wakachanga, wakakaa vikaoni na wasanifu mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2013 mji ukafungua Paine's Park, uwanja wa umma uliochorwa kwa kuwasikiliza.

London ilijifunza somo hilohilo kwa njia ya ugomvi. Chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, uliofunguliwa mwaka 1967, kuna uwazi wenye nguzo na miteremko ambayo wasanifu hawakuipa kazi maalumu. Vijana waliipa kazi tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 wenye jengo walitangaza kuweka maduka na mikahawa hapo na kuwahamishia vijana chini ya daraja la jirani, katika uwanja mpya ambao ungechorwa kwa ushauri wao. Angalieni hapo, ndugu wasomaji. Vijana waliulizwa uwanja mpya uweje, lakini hawakuulizwa kama wanataka kuhama. Pingamizi zaidi ya 27,000 ziliwasilishwa, na Septemba 2014 pande mbili zikatia saini makubaliano ya kuuacha uwanja wa zamani mahali pake. Kumuuliza mtu rangi ya mlango baada ya kwisha kuamua nyumba ijengwe wapi si kumshirikisha.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni Amman, Jordan. Desemba 2014, katika bustani ya umma, watu wa kujitolea walijenga uwanja wa 7Hills, wa takriban mita za mraba 650, kwa fedha za michango. Wenyeji wenye kuupenda mchezo ndio waliokuwa mbele. Baadaye uwanja huo ukawa mahali ambapo watoto wa wakimbizi, wakiwamo Wasudani na Wasomali, hupata mafunzo na kuazimwa mbao. Kwa hiyo hoja kwamba mchezo huu haupatani na mji wa Kiarabu, au kwamba mtoto wa mgeni hana nafasi humo, imekwisha kujibiwa.

Turudi Doha. Mji huu umejengwa kwa michoro mikubwa. Ukingo wa Kornishi, wenye urefu wa kilomita saba hivi, ulipatikana kwa kuijaza bahari. I. M. Pei alipoombwa kusanifu Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, alionyeshwa viwanja kadhaa akavikataa, akataka kisiwa chake mwenyewe ili majengo mengine yasije yakamfunika. Alitengenezewa kisiwa, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 2008. Msanifu mkubwa aliulizwa anataka wapi. Mtoto anayeteleza katika bustani iliyo kando ya makumbusho hayo hajaulizwa bado.

Wala si kwamba wenyeji wetu hawana desturi ya kushauriana. Tangu mwaka 1999 raia wa Qatar, wanaume kwa wanawake, wanachagua wajumbe 29 wa Baraza Kuu la Manispaa. Na kabla ya hapo, mitaa ya zamani ilikuwa na baraha, uwazi kati ya nyumba ambapo watoto walicheza chini ya macho ya majirani. Neno hilo limerudishwa katika mradi wa Msheireb, ambako uwanja mkuu unaitwa Barahat Msheireb. Sisi tuliotoka katika mji wenye vibaraza hatuhitaji kufundishwa maana yake. Hapa hatupigi kura, na si jambo la kulalamikia, mgeni ana adabu yake. Lakini jirani Mqatari ambaye mwanawe anateleza na mwanetu anapiga kura, na barua ya wazazi wa pande zote mbili ina uzito kuliko malalamiko ya upande mmoja.

Tukiulizwa, tuwe na la kusema. Sisi tuliosomea uhandisi ng'ambo tulifundishwa kukokotoa mzigo wa nguzo, na hesabu hiyo haimhitaji mtumiaji. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vijana wanayajua mambo ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Gurudumu dogo likikutana na mchanga linaweza kukwama ghafla, na mchezaji akaruka mbele peke yake. Kwa hiyo hapa Doha, ambako upepo wa shamali huleta vumbi kutoka kaskazini-magharibi, upande huo unahitaji miti au ukuta kabla ya kufikiria urembo wowote. Ukingo wa chuma unaopigwa na jua la Julai huunguza kiganja, basi kivuli ni sehemu ya usalama. Taa ni muhimu kuliko viti, kwa sababu miezi minne ya mwaka mchezo wote ni wa usiku. Mvua ni chache, lakini hushuka kwa pamoja, na bakuli la saruji lisilo na mtaro litageuka birika.

Sisi nasi tuna letu la kuwaambia vijana. Saruji ya mikunjo haimwagwi kama sakafu, hurushwa kwa mpira na kusawazishwa kwa mkono wa fundi. Katika joto hili humwagwa usiku, maji yake yakipozwa kwa barafu, kisha hufunikwa magunia yaliyolowa siku kadhaa, la sivyo itapasuka kabla ya ubao wa kwanza kupita. Ardhi ya pwani hii ina chumvi, nayo hula nondo. Na tusiwasahau watakaoijenga. Sheria inakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Ratiba ya uwanja wa watoto wetu isiharakishwe kwa gharama ya watoto wa wenzetu.

Zaidi ya vipimo kuna jambo la watu. Katika kila mfano tulioutaja, sauti zilizosikika kwanza zilikuwa za wavulana wakubwa wenye ujuzi. Wao huomba bakuli refu na ngazi za kuruka. Msichana anayeanza hasemi, hubaki pembeni akitazama, kisha huacha kuja. Anahitaji sehemu ya chini, iliyo tambarare, isiyokatiza njia ya wakubwa, na benchi ambapo mama yake anaweza kukaa karibu. Asipoulizwa peke yake, hataonekana katika mchoro.

Pendekezo letu basi ni dogo. Kabla ya kiangazi kijacho, wazazi wakae na watoto wao, wavulana na wasichana, kila mmoja achore kwa penseli uwanja anaoutaka na aandike umri wake pembeni. Sisi wahandisi wa jumuiya tutaiunganisha michoro hiyo, tuiwekee vipimo, na tuitafutie tafsiri ya Kiarabu, ili siku Wizara ya Manispaa itakapofungua mlango wa maoni, au jirani yetu atakapokwenda kumwona mjumbe wake, karatasi iwe tayari mkononi. Michoro ipokelewe kwa wahariri wa jarida hili. Hata ule wa mtoto wa miaka sita tutaupima.