UZI: Polisi akikukosea mjini kwenu, nani wa kujibu?

1. Kila siasa ikipamba moto, mjadala huu hurudi. Upande mmoja: "Gavana yuko wapi watu wetu wakipigwa?" Upande wa pili: "Polisi si kazi ya kaunti." Kila upande una nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayotuumiza. Mimi nasomea sayansi ya siasa. Sitataja mwanasiasa wala chama. Tulia, tuelewane.

2. Kwanza niseme mbona naandika. Binamu yangu ni wa boda katika mji mdogo, sitautaja. Alisimamishwa usiku, akaitishwa kitu kidogo, akakataa. Alipigwa rungu, mkono ukavunjika. Asubuhi mjomba akaenda stesheni.
"Afande, nimekuja kuandikisha ripoti."
"Mzee, unataka kumshtaki nani? Rudi kesho."
Kesho ikawa wiki. MCA akamwambia hiyo ni ya serikali ya kitaifa, aone chifu. Chifu akamwambia arudi stesheni.

3. Huo mzunguko haukuanza jana. Polisi wa kwanza wa kikoloni hapa walitokana na askari wa kampuni ya Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19, kule Mombasa. Kazi yao ilikuwa kulinda mali na njia za biashara za kampuni. Jina la Polisi wa Kenya lilikuja 1920, nchi ilipofanywa koloni. Mwananchi hakuwa bosi wao. Alikuwa mtu wa kuchungwa.

4. Hii ndiyo ilinishangaza darasani. Kule Uingereza kwenyewe, sheria ya 1835 ilitaka mabaraza ya miji yaunde kamati za kusimamia polisi wa mji. Yaani diwani wa mji mdogo wa Uingereza alikuwa na sauti juu ya polisi wake. Walipokuja huku, hiyo sehemu waliiacha nyumbani. Huku polisi walijibu kwa gavana wa koloni, na askari wa utawala wakajibu kwa DC. Kwa mji, hapana.

5. Uhuru ukaja 1963, bendera ikabadilika. Lakini mfumo wa PC, DC na chifu ukabaki, ukielekea ofisi ya rais. OCS alijibu kwa wakubwa wake hadi kwa Kamishna Nairobi. Baraza la mji lilikuwa na soko, maji, takataka na kanjo wake. Diwani angeweza kulalamika kuhusu polisi mkutanoni, lakini hakuwa na nguvu ya kumwita OCS ajieleze. Ndiyo maana wazee wetu walizoea kusema "serikali saidia" badala ya "serikali jibu".

6. Kilichotikisa mambo ni ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba mamia kati yao walikufa kwa risasi, na ikataka polisi wafanyiwe mageuzi na kuwe na chombo huru cha kuwachunguza. Mwaka 2009 jopo la mageuzi ya polisi likatoa mapendekezo zaidi ya 200. Katiba ya 2010 na sheria za 2011 zilitoka humo. Haki hizi zililipiwa kwa damu.

7. Sasa sheria inasema nini? Jedwali la Nne la Katiba linaweka polisi kwa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 245 kinasema hakuna mtu anayeweza kumwamuru Inspekta Jenerali achunguze kesi gani au amkamate nani. Kwa hivyo anayesema gavana "awafute polisi" anakudanganya. Hana hiyo nguvu.

8. Lakini anayesema gavana "hana lolote la kufanya" pia anakudanganya. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mtu wa serikali yake aliyemteua. Ndani wamo wakuu wa polisi wa kaunti, wawakilishi wawili kutoka bunge la kaunti, na wananchi: wafanyabiashara, wanawake, vijana, walemavu, watu wa dini. Kazi yake ni pamoja na kufuatilia hali ya uhalifu na kushirikisha umma katika mambo ya usalama. Niambie, kwenu iliketi lini? Mimi nimeuliza watu wengi mjini kwetu. Hakuna aliyewahi kuisikia.

9. Halafu kuna IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Unaweza kupeleka malalamiko kwa mdomo au kwa maandishi. Hulipi chochote. Polisi akisababisha kifo au jeraha baya, polisi wenyewe wanatakiwa kuiarifu IPOA.

10. Inafanya kazi? Wakati mwingine, ndiyo. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14 alipigwa risasi nyumbani kwao Kinango, Kwale. Polisi walisema aliwavamia na panga. IPOA ikachunguza. Mwaka 2016 maafisa wawili wakahukumiwa miaka saba kwa kuua bila kukusudia. Ni kijijini, mbali na kamera, na bado ukweli ulipatikana.

11. Lakini mwaka huohuo wa 2016 tulijua bei ya kulalamika. Mwanaboda aliyepigwa risasi na polisi alipeleka malalamiko IPOA. Siku aliyotoka mahakama ya Mavoko, alitekwa pamoja na wakili wake na dereva wa teksi. Wote watatu waliuawa. Mwaka 2022 polisi watatu na raia mmoja walipatikana na hatia. Haki ilikuja baada ya miaka sita. Mjomba anaikumbuka hiyo kesi vizuri. Ndiyo maana mara ya kwanza alirudi nyumbani kimya.

12. Sasa swali gumu: basi si tuwape magavana polisi tumalize? Mimi nilikuwa upande huo. Nikabadilika nilipowafikiria kanjo. Hao wako chini ya kaunti, na mama mboga atakwambia wanavyomwaga nyanya zake. Na IPOA inachunguza polisi wa kitaifa, si kanjo. Uchaguzi ukikaribia, unataka gavana awe na bunduki zake? Kusogeza rungu karibu na wewe hakulifanyi likuogope. Linachohitaji ni mtu wa kuliuliza.

13. Kwa hivyo mgombea akikuambia "nitaleta usalama", muulize matatu:
Mamlaka ya Polisi ya Kaunti itaketi lini, na mkutano wake utatangazwa wapi?
Wananchi watakaokaa humo watachaguliwaje, ama ni marafiki zako?
Kanjo wakimpiga mtu, analalamika wapi, na anajibiwa baada ya siku ngapi?
Akianza kuzunguka, umeshajua jibu.

14. Na wewe ukikosewa: andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari au ya afisa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, weka karatasi zote. Itisha namba ya OB. Wakikataa, andika jina la aliyekataa. Usiende peke yako.

15. Tulimrudisha mjomba stesheni, safari hii watu watano. Afisa kijana aliyekuwa kwa meza akatuangalia, akaangalia mlango wa bosi, kisha akaandika na kutupa namba ya OB. Sitamsahau. Malalamiko yako IPOA sasa, tunangoja. Mkono wa binamu umepona lakini haukunji vizuri, na boda amemwachia ndugu yake. Mjomba ameikunja ile karatasi ya namba ndani ya kitambulisho chake. Anatembea nayo kila siku.

Kama mamlaka ya kaunti yenu imewahi kuketi, niambie hapa chini. Nataka sana kukosolewa kwa hili.