Mfupa wa Ngamia na Mkono wa Bibi Salme



Mtoto akianza chuoni hupewa herufi moja moja: alifu, be, te. Kuziunga huja baadaye, na hapo ndipo penye kazi, maana herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, na zipo sita, kama alifu na wau, zisizoshikana na inayofuata. Asipopata wa kumshika mkono hapo, atasoma vizuri lakini hataandika.

Zamani Unguja wasichana wengi waliachwa hapo kwa makusudi. Bibi Salme binti Said, mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, ameeleza kuwa kuandika walifundishwa wavulana tu. Wasichana waliishia kusoma. Yeye hakuridhika. Alichukua Msahafu na mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akawa ananakili herufi kwa siri. Lakini mwandiko mzuri hauji peke yake, ikabidi apate mtu wa kumwelekeza. Ilipojulikana alisemwa sana, wala hakujali.

Kalamu ile ilimletea mtihani. Mwaka 1859 Seyyid Barghash alipotaka kumpindua ndugu yake Seyyid Majid, Salme, umri wake miaka 15, ndiye aliyeandika barua za kundi la Barghash. Njama ilivunjika na ndugu wakaachana nyoyo. Waliokuwa wakihofia kalamu mkononi mwa mwanamwali wangeweza kusema, "Si tulisema?" Lakini wanaume waliokuwemo nao walijua kuandika, na hakuna aliyesema wavulana wasifundishwe tena.

Wala hofu ile haikutoka katika dini. Bibi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.), alifundishwa kuandika na mwanamke mwenzake, Shifa binti Abdillahi. Na katika miaka hiyohiyo ya Salme, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa upande wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa wasia, uliohifadhiwa kwa herufi za Kiarabu na kusomwa mpaka leo. Hapa Unguja serikali ilifungua skuli ya wasichana mwaka 1927, karibu miaka 70 baadaye.

Kwa hiyo bibi harusi, ukijaaliwa mtoto wa kike, usimwachie kwenye kusoma tu. Mwanzishie herufi mbili zinazoungana, kisha tatu, ndipo neno zima. Jina lake liwe la kwanza. Simu ipo, najua. Lakini mkataba wa ndoa, wasia na hati ya nyumba bado huwekwa saini kwa mkono, na anayeandika mwenyewe hana haja ya kuandikiwa na mtu asiyemjua nia.

Allah awafungulie watoto wetu. Amin.