Okot p'Bitek: mpira ulimfikisha Oxford, riwaya yake ingeweza kuwa ya Rungwe

Okeca Ladwong ni kijana wa Kiacholi aliyefiwa na baba. Anampenda Cecilia Laliya, lakini mahari hana, na ndugu wa kumchangia hawaonekani. Anatoka Gulu kwenda Kampala, anahangaika na vibarua, anafika hadi kwenye mashamba ya miwa upande wa Jinja, anajinyima mpaka akiba inapatikana. Akiwa njiani kurudi kwao, anaibiwa. Hicho ndicho kisa cha Lak Tar, riwaya iliyochapishwa kwa Kiacholi mwaka 1953. Aliyeiandika, Okot p'Bitek, alikuwa na umri wa miaka 22 na alikuwa bado anacheza mpira.

Mzee wa Rungwe au wa Njombe, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, akisimuliwa kisa hicho, hatauliza Acholi iko wapi. Kwa Wanyakyusa mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Kijana asiyetaka kusubiri alishika njia. Tangu miaka ya 1930 wengi walikwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wengine wakavuka mpaka hadi kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wapo waliofika migodi ya Afrika Kusini. Kutoka Iringa, Wabena na Wahehe walikwenda kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka hiyo ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya ng'ombe wa mahari na vijiji vya marika. Aliandika vizuri, lakini aliandika kama mtafiti. Okot aliingia ndani ya moyo wa kijana mmoja, akatueleza aibu ya kurudi mikono mitupu.

Wasifu mwingi wa Okot huutaja mpira kwa sentensi moja, kama pambo. Mimi naona ndio uliombeba. Alisoma Gulu na King's College Budo, akajifunza ualimu Mbarara, akafundisha karibu na Gulu, huku akichezea timu ya taifa ya Uganda. Mwaka 1956 timu hiyo ilifanya ziara Uingereza, na baadhi ya wachezaji waliingia uwanjani pekupeku. Ziara ilipokwisha, Okot hakurudi kwao. Alisomea elimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Mwalimu wa shule ya mkoani, mwenye riwaya moja ya Kiacholi, angepata wapi nauli ya kufika huko bila timu ya taifa?

Huko Oxford kulitokea jambo ambalo baadaye alilieleza mwenyewe katika kitabu chake kuhusu dini za Kiafrika. Mhadhiri wake aliwaita Waafrika washenzi, na makabila yao makabila ya kale yasiyostaarabika. Okot akapinga, hakusikilizwa. Anayetaka kujua ukali wa Lawino, msemaji wa shairi lake Song of Lawino, ulitoka wapi asiipite habari hiyo. Mama yake alikuwa mtunzi na mwimbaji mashuhuri kwao, na nyimbo za namna hiyo ndizo zilizokuwa zinadharauliwa na wasomi wa Ulaya. Mwaka 1966 Song of Lawino ikatoka Nairobi, na baadaye Paul Sozigwa akaitafsiri kwa Kiswahili kuwa Wimbo wa Lawino. Serikali ya Uganda ilipomchukia, Okot aliondoka, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi. Alirudi Makerere karibu na mwisho wa maisha yake, akafariki mwaka 1982 akiwa na miaka 51.

Okot hakuwa mwanamichezo pekee aliyegeukia riwaya. Mwaka uleule wa ziara yake, 1956, Mwingereza Dick Francis, aliyekuwa bingwa wa wapanda farasi wa mashindano, alikuwa anaongoza mbio kubwa za Grand National akiwa juu ya Devon Loch, farasi wa mama yake Malkia. Mita chache kabla ya kumaliza, farasi alianguka kifudifudi bila sababu iliyowahi kuthibitishwa. Francis aliacha mbio mwaka 1957, akawa mwandishi wa habari za michezo, na mwaka 1962 akatoa riwaya yake ya kwanza ya upelelezi. Alitoa nyingine zaidi ya 40, nyingi zikiwa ndani ya ulimwengu wa farasi alioujua. Yeye alitundika daluga kwanza, ndipo akaandika riwaya. Okot alianza na kalamu mpira ukiwa bado mguuni.

Nyanda za Juu Kusini hazina upungufu wa visa vya mpira. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, wale Banyambala, walipanda ligi kuu na kutwaa ubingwa wa Tanzania papo hapo, timu ya mji mdogo wa migomba na chai ikiwa juu ya Simba na Yanga. Prisons ya Mbeya ikachukua ubingwa wa Muungano mwaka 1999. Mbeya City ilimaliza ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, 2013/14, na Lipuli ya Iringa ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Magazeti yalitupa matokeo na wafungaji. Natamani kusoma yaliyobaki: basi linapanda kutoka Mbalizi usiku baada ya kufungwa ugenini, kijana analipwa posho na kuipeleka yote kwa baba mkwe, nahodha anarudi shambani msimu ukiisha.

Wanaume wa 1986 sasa ni wazee. Okot alipokusanya nyimbo na ngano za Kiacholi, zilizotoka katika vitabu vya mwaka 1974 na 1978, hakuanza na karatasi; alianza kwa kukaa na wenye nazo. Vijana wa fasihi walioko chuo cha Mkwawa, Iringa, wanaweza kupanda basi Jumamosi moja wakashuka Tukuyu, wakauliza nyumba ya mchezaji mmoja tu wa kuanza naye.