Mashini inapita, komine inabaki: majina yetu yanaenda wapi?

Ninyi jamaa mliokimbia vita mkapokelewa na ndugu ama mkaingia kambini, kuna swali moja linatufikia mara nyingi. Leo tumeandikwa kwa simu, jana kwa daftari, juzi kwa kompyuta: majina yetu yanaenda wapi? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo.

Mara ya mwisho serkali kuhesabu watu wote wa inchi yetu ilikuwa mwaka wa 1984, wakati wa Zaire. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni watu wazima. Komine zimeendelea na vitabu vya karatasi. Kitabu kikiungua ama kikiibiwa, jina linapotea nacho.

Mwaka wa 2005 mashini ikafika. Tume huru ya uchaguzi ilituma mpaka vijijini kompyuta zenye kamera na kifaa cha kuchukua alama za vidole. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikwa. Kwa kuwa hapakuwa kitambulisho kingine, kadi ya uchaguzi ikawa kitambulisho chetu barabarani na kwenye banki. Lakini zilikuwa mashini za uchaguzi, si za komine. Mtoto hakuwa na nafasi ndani yake.

Kisha, karibu mwaka wa 2010, jambo jipya lilianzia hapa kwetu Kivu ya Kusini. Serkali ya jimbo, pamoja na Banki ya Dunia, ilijaribu kutumia simu ili raia waseme pesa za komine zifanye nini. Ibanda, mjini Bukavu, na Luhwindja, katika teritware ya Mwenga, zilikuwa kati ya zile zilizoanza. Mesaji ilitumwa kwa simu zote zilizo chini ya antena fulani, kuwaita watu kwenye mkutano. Antena haiulizi mtu ametoka kijiji gani. Watu walikutana, wakachagua kazi ya kwanza: madarasa, maji, kituo cha afya ama barabara. Mesaji nyingine ikatangaza kilichochaguliwa. Raia walipoona kazi kwa macho, moyo wa kulipa kodi ulirudi.

Nyuma ya kazi kama hiyo kuna mtu ambaye hatumtaji. Ni mkubwa wa mradi. Yeye si lazima awe fundi wa kompyuta. Anapatana na kampuni ya simu, anamkumbusha bugumestre tarehe, anahakikisha mesaji inaandikwa kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa, anatafuta umeme, anafundisha makarani. Tena anakumbuka mama asiye na simu, ambaye lazima aitwe kwa mdomo. Na mwisho, anaacha kazi mikononi mwa mtu wa komine.

Hapo mwisho ndipo miradi mingi inakufa. Msaidizi akiondoka na pesa zake, nani anabaki na neno la siri la kompyuta? Nani analipia intaneti? Kama jibu halimo katika bajeti ya komine, mashini inakuwa meza ya kuwekea chai.

Kwa hiyo vijana mnaosoma informatike, msifikirie mashirika peke yake. Komine inahitaji mtu wa kubaki. Na viongozi, mtu huyo alipwe, la sivyo ataondoka.

Kwenu jamaa mliokimbia: anayewaandika, mwulizeni majina yatawekwa ofisi gani, na nani atayalinda. Tena msichanganye orodha ya msaada na cheti cha kuzaliwa. Sheria inatoa siku 90 za kutangaza mtoto. Zikipita, njia inapitia tribinali, na hiyo ni ndefu. Mtoto aliyezaliwa kambini ana haki ya jina lake kitabuni, kama mtoto wa bugumestre.