Ndewe na Jasi: Kipimo cha Pambo la Sikio Pwani

Katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya 19, pambo la sikio halikuchaguliwa kwa siku moja. Sikio lilitogwa mwanamke angali mtoto, tundu likalelewa, na kila hatua ya ukuaji wake ikawa na pambo linalolifaa.

Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliieleza hatua ya kwanza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mtoto wa kike alitogwa siku ya saba, kwa kawaida matundu sita kwenye ukingo wa kila sikio, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Pete nzito za dhahabu zilisubiri mpaka atimize miezi miwili hivi. Utaratibu huo ulikuwa wa busara kubwa. Nyama iliyotobolewa huvimba, na kitanzi cha uzi huipa nafasi, ilhali pete inayobana huchelewesha kidonda kupona.

Ndewe, yaani tundu la sehemu ya chini ya sikio, ilikuwa na historia yake. Humo ndimo lilimokaa jasi, pambo la duara lenye uso bapa. Wenye nacho walivaa majasi ya fedha au dhahabu yaliyonakshiwa na sonara. Mengine yalichongwa kwa pembe za ndovu, kwa mpingo au kwa sandarusi. Wengi walivaa jasi la karatasi za rangi zilizoviringishwa kwa kukazwa, na ndilo linaloonekana mara kwa mara katika picha za wanawake zilizopigwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20.

Ingawa lilikuwa pambo rahisi, jasi la karatasi ndilo lililotatua vizuri zaidi suala la kipimo. Karatasi iliyoviringishwa hutaka kujifungua, hivyo huisukuma ndewe pande zote kwa nguvu ndogo isiyokoma. Ndewe ilipolegea, karatasi iliongezwa. Jasi la fedha halina unyumbufu huo: likiwa dogo huanguka, likiwa kubwa na kulazimishwa huichana nyama. Kwa hiyo sonara alilazimika kufuata upana ambao ndewe ilikwisha kuufikia.

Maarifa hayo hayakuwa ya Waswahili peke yao. Wamaasai walipanua ndewe kwa vijiti vya mti vilivyozidi unene hatua kwa hatua. Kusini, Wamakonde walitumia mbinu iyo hiyo kwenye mdomo wa juu, mahali pa ndonya, pambo la mdomo huo. Karl Weule, Mjerumani aliyezuru maeneo hayo mwaka 1906, aliandika jinsi tundu la msichana lilivyoanza kwa kijiti chembamba cha jani, likapanuliwa kwa ukanda wa ukindu uliozungushwa, na hatimaye likapokea kipande kigumu cha mti. Ukindu ulifanya kazi ile ile ya karatasi ya pwani.

Katika karne ya 20 majasi yalififia, na herini na vipuli vya waya mwembamba vikatawala. Sasa hatari ikawa kinyume cha ile ya zamani, kwa kuwa herini nzito yenye waya mwembamba hukata nyama polepole na kuirefusha ndewe kuelekea chini.

Vipimo vya namba vya unene wa pambo vilitoka mbali na pwani, kwa watengeneza waya. Nchini Marekani, kampuni ya Brown & Sharpe iliweka mfuatano wa namba za unene mwaka 1857, na mafundi wa kisasa wa kutoga wakaurithi, wakiwemo wale wa Gauntlet, biashara ambayo Jim Ward aliianzisha Los Angeles mwaka 1975. Mfuatano huo huwachanganya wanunuzi, maana namba ikipungua waya hunenepa: namba 20 ni milimita 0.8, 18 ni milimita 1, 14 ni milimita 1.6. Unene pekee hautoshi. Kijiti cha pambo la kwanza hufaa kiwe kirefu kidogo ili uvimbe upate nafasi, kisha kidonda kikitulia kibadilishwe kwa kifupi zaidi, kisije kikanasa kwenye nguo na nywele.