Bayeye na Banunguli: Msaada wa Wenyeji juu ya Nyoka na Nungunungu katika Usukuma

Igoma, ambayo leo ni kata ya jiji la Mwanza, hapo kale ilikuwa nchi ya mashamba. Njia iendayo Musoma yapita hapo, na mbele kidogo ni Kisesa na kilima cha Bujora. Nchi hii yote yajulikana kwa majabali yake makubwa yaliyopandana, nayo majabali yana nyufa na mapango, na humo hukaa pimbi, na nyoka, na nungunungu. Basi tangu zamani mwenye nyumba alikuwa na swali: akiona nyoka katika paa la nyumba yake, au akikuta viazi vyake vimefukuliwa usiku, amwite nani? Wasukuma walikuwa na jibu, na twapenda kulieleza hapa, maana twaona walimu wengi huliona kuwa uchawi mtupu, na wengine huliona kuwa mchezo wa ngoma tu. Halikuwa moja la hayo mawili.

Kwanza tutazame maneno yenyewe. Katika Kisukuma kiambishi ba- ni cha watu, kama wa- katika Kiswahili. Na bu- ni cha hali au jambo lao, kama u- yetu. Kwa hiyo Bayeye ni watu wa nyoka, na Buyeye ni chama chao. Banunguli ni wawindaji wa nungunungu, na Bununguli ni chama chao. Katika jina hili la pili mtu husikia nungu, neno ambalo Kiswahili nacho kinalo. Walikuwako pia Bayege, wawindaji wa tembo. Kila chama kilikuwa na dawa zake, nyimbo zake na siri zake, na aliyetaka kuingia alilipa ada, akafundishwa na wakubwa.

Kazi ya Banunguli ilitokana na njaa. Nungunungu hutoka usiku, hufukua viazi, mihogo na karanga, hula na mahindi. Na kukipambazuka amekwisha kurudi shimoni. Shamba la mtu mmoja laweza kuharibika katika siku chache, na mwenyewe hawezi kukesha kila usiku. Wawindaji hawa walimfuata mnyama ndani ya shimo lake, mtu akitambaa gizani mahali pasipo nafasi ya kugeuka, huku miiba imeelekezwa kwake. Tena shimo hilo laweza kuwa na nyoka ndani yake. Kazi kama hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja. Yataka wenzi juu ya shimo, watakaosikia sauti na kumvuta mwenzao akipatwa na hatari. Hapo twaona maana ya chama: ushujaa wa mmoja ulitegemea uaminifu wa wengi.

Bayeye nao walijifunza tabia za nyoka, mahali wanapolala, na namna ya kuwashika wakiwa hai. Dawa yao huitwa lugaka; mwanachama huchanjwa chale, nayo dawa hupakwa humo, ili apate kinga kabla ya kuumwa. Msomaji na aangalie kwamba neno chanjo, tulitumialo hospitalini, latoka katika kuchanja huko huko. Tena kumshika nyoka bila kumwua kulikuwa na faida ambayo mwenye nyumba huisahau kwa hofu yake: nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, nao hula panya, adui wa ghala la mtama.

Wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha, vyama hivi vilitoka na ngoma zao. Wachezaji wa Kisukuma hujigawa katika pande mbili, Bagika na Bagalu, ambazo asili yake husemwa kuwa ni mabingwa wawili wa karne ya 19, Gika na Gumha. Bayeye hucheza na chatu hai mbele ya watu, na watazamaji hushangilia. Lakini ngoma ilikuwa pia tangazo: wenye mashamba walipata kuwajua wenye kazi hiyo.

Mapadre Weupe walifika Bukumbi mwaka 1883, na katika misheni viapo na siri za vyama vilitiliwa mashaka kwa muda mrefu. Wala si ajabu, maana mtu hawezi kuahidi asiyoyajua. Hata hivyo mwaka 1946 Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, aliandika juu ya Buyeye katika jarida la Africa, akaonyesha ya kuwa ni chama chenye taratibu zake. Baadaye Padre David Clement, Mkanada, alikusanya vitu na ngoma za Wasukuma huko Bujora, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968. Katika sikukuu ya Bulabo, iliyofungamana na sikukuu ya Ekaristi, wachezaji wa nyoka hushiriki mbele ya waumini.

Lakini kuheshimu jambo si kulikubali lote. Mwaka 2017 Shirika la Afya la Ulimwengu liliandika kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa, nalo hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa hayo kila mwaka ulimwenguni. Sumu ya swila au ya kifutu haingoji. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kukaza, apelekwe hospitali upesi. Na aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi. Mtoto akicheleweshwa kwa mganga hata uvimbe ukapanda, elimu ya wazee imegeuka kuwa kifo chake. Kwa upande mwingine, mzee ajuaye nyoka aweza kusema huyu ni yupi na alitoka wapi, naye aweza kumtoa nyumbani bila mtu kuumwa. Hilo ni msaada wa kweli, na hospitali hailifanyi.

Basi, walimu wenzetu, tutenganishe mambo mawili. Ujuzi wa kumtambua mnyama na kumshika ni wa wenyeji, tuuombe kwao. Tiba ya sumu ni ya hospitali, tuwahimize watu waiendee. Tena tuandike majina ya Kisukuma ya nyoka na ya miti, kila jina pamoja na tabia ya kitu chenyewe, kabla wanaoyajua hawajatutoka. Palipokuwa na mashamba Igoma sasa pana nyumba, lakini majabali yapo pale pale, na nyoka hawakuhama.