Bunia, kwa Njia ya Sokoni

Mgeni anayefika Bunia akiulizia magofu au ngome ya kale atazungushwa mpaka achoke. Afadhali apande pikipiki pale Rwambuzi, amwambie dereva ampeleke soko kuu. Historia ya mji huu inauzwa huko, kwa faranga za Kongo na kwa dola, na mwenye bidhaa za Kampala hakatai shilingi ya Uganda.

Tuanze na samaki. Wanatoka Kasenyi na Tchomia, kwenye Ziwa Albert, na magari yanayowaleta hukwea zaidi ya meta 600 kabla ya kufika mjini. Mwanzoni mwa 1887 mpelelezi Stanley aliajiri mamia ya wapagazi Unguja, na Desemba mwaka huo akatokea nao kwenye ziwa hilo baada ya kupasua msitu wa Ituri. Aprili 1888 alikutana ufukweni na Emin Pasha. Vitabu vimewatukuza hao wawili. Wabeba mizigo waliokufa njaa msituni hawajajengewa hata kaburi, ingawa lugha yao ndiyo tunayopatanisha nayo bei leo. Wala hawakuwa wa kwanza kuileta: misafara ya watu wa Tippu Tip ilikuwa imeshapenya misitu hiyo ikisaka pembe na watumwa.

Lakini kilichoukuza mji ni dhahabu. Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliipata upande wa Kilo, kaskazini ya hapa. Kampuni ya SOKIMO iliundwa 1926, na machifu wakabanwa watoe vijana wa kwenda migodini. Maelfu ya vibarua walihitaji unga, maharage, chumvi na nguo, na Bunia ikawa mahali pa kuvikusanya na kuvigawa. Makao ya serikali yalikuwa Irumu. Biashara iliyachoka ikayavuta huku. Wagiriki wakafungua maduka, wakauza mpaka Novemba 1973, Rais Mobutu alipoamuru biashara za wageni wapewe Wazaire. Wengi waliopewa hawakuwa wamewahi kushika daftari la duka, na rafu zikakauka upesi.

Simama kidogo kwa mnunuzi wa dhahabu. Mezani ana mizani ndogo ya sahani mbili. Mchimbaji anafungua kikaratasi, anamimina chenga upande mmoja. Upande wa pili kinawekwa kijiti cha kiberiti, au sarafu ya zamani ikiwa mzigo una maana. Wote wawili wanaacha kupumua, maana pumzi tu yaweza kuihamisha sahani. Mzigo mkubwa huhesabiwa kwa tola, kipimo cha masonara wa India, kama gramu 11.66. Hakuna aliyewahi kuniambia mizani hiyo inamwonea mnunuzi.

Dhahabu hiyohiyo iliongeza moto katika vita vya Wahema na Walendu vilivyoanza 1999. Mji wa migodi wa Mongbwalu ulibadilisha mikono mara kadhaa. Majeshi ya Uganda yalipoondoka Mei 2003, wanamgambo waligombea Bunia mtaa kwa mtaa, mamia ya raia wakauawa, soko likaporwa. Waliosalimika walijazana kando ya uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Juni wakaja askari wa Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, wakakaa hadi Septemba. Thomas Lubanga, ambaye kundi lake la UPC liliutawala mji, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, 2012: miaka 14, kwa kuwatia watoto vitani.

Tangu Mei 2021 jimbo la Ituri liko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, gavana akiwa mwanajeshi. Njia zikifungwa, bei ya maharage hupanda siku hiyohiyo. Dhahabu haijui kizuizi: nyingi huvuka kwa magendo hadi Kampala, kisha Dubai, na kwa barabara ya Mahagi hurudi mabati, sabuni na pikipiki mpya ambazo bado zimefungwa makaratasi.